Mvua Ilipokatika Februari: Tunayoyadhani Kuhusu Dhiki na Imani

Mwaka ule mvua ilikatika Februari, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mama mmoja wa jumuiya yetu, upande wa Chamwino, alipoteza ekari zote mbili. Tulipokwenda kusali kwake Jumamosi, kabla hata mtu hajampa pole, aliulizwa: "Mama, zaka unatoa?" Nilikuwepo, nikanyamaza. Toka siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno ya namna hiyo, yale tunayoyarudia mpaka tunadhani yametoka kwenye Biblia.

Dhana: Dhiki ni ushahidi wa dhambi au laana

Hii inaumiza kuliko zote. Wanafunzi wa Yesu nao waliishika: walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Rafiki zake Ayubu walilizunguka swali lile lile la zaka kwa sura nyingi, kwa maneno mazuri kabisa. Mwishoni hasira ya Mungu inawawakia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Sisi wa Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, tulipaswa kulijua hili mapema. Wazee walisimulia njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi sana mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata mara baada yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua nayo ikakosekana. Nani atasimama kanisani aseme watoto waliokufa kwenye Mtunya walikufa kwa dhambi zao?

Na shamba la yule mama lina maelezo yake. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mara nyingi katikati yake jua huwaka kwa wiki kadhaa. Mahindi yakikutwa na jua hilo wakati wa mbelewele, hayapati punje. Mtama na uwele huvumilia zaidi. Jirani yake aliyepanda mtama alivuna, na sina sababu ya kuamini kwamba alikuwa mtakatifu kuliko yeye.

Dhana: Ukiokoka, shida zinaisha

Yesu aliwaambia wanafunzi wake waziwazi: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo, mimi nimeushinda ulimwengu." Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, na haukuondolewa. Anayeahidi vinginevyo ana deni kwa watu wanaomwamini.

Dhana: Mkristo aliyekomaa halii wala haulizi

Basi tufute Zaburi nyingi. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shangwe mwishoni, na bado ni sala. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke.

Dhana: Kuikubali dhiki ni kuvumilia kila kitu

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu dhana hii huvaa nguo za ucha Mungu. Yakobo anasema tuhesabu kuwa ni furaha tupu tukiangukia katika majaribu, kwa kuwa kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Hasemi maumivu ni matamu, wala hatutumi tukayatafute.

Wanaolima zabibu Mpunguzi na Hombolo watanielewa. Mzabibu wetu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hupogolewa. Ukipita shambani baada ya kupogoa utadhani ni kuni zimesimikwa, lakini mkulima amebakiza macho machache aliyoyachagua mwenyewe, na hapo ndipo vichipukizi hutokea. Yesu alisema Baba hulisafisha kila tawi lizaalo ili lizidi kuzaa. Ila ng'ombe akivunja ua na kutafuna mizabibu, hakuna mkulima anayesema amepogolewa shamba. Anamtoa ng'ombe, kisha anaziba ua.

Kwa hiyo mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe abebe msalaba wake; asindikizwe Dawati la Jinsia polisi. Mgonjwa asiambiwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Timotheo aliugua mara kwa mara, na Paulo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mungu anaweza kutufanya tukue hata kupitia jeraha aliloleta mtu mbaya, lakini hilo halimfanyi mtu mbaya kuwa mkulima.

Msimu uliofuata yule mama alipanda mtama. Nilikwenda kumsaidia kupalilia siku mbili, na tukiwa tumeinama nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Akaniambia kwamba miezi ile ya kula mlenda na ugali wa unga wa kuazima alisali kuliko miaka yote aliyowahi kuvuna, na mara nyingi alisali kwa hasira. "Sikujua kama naruhusiwa," akasema. Kisha akanionyesha mstari niliouruka, nikarudi kuupalilia.