Faiba Nayo Ina Mwisho Wake

Wiki hii nimeambiwa tena, na mhandisi mwenye vyeti vyake: "Fundi, hii ni faiba bwana, umbali si tatizo." Faiba ni kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga. Kikomo cha mita 100 cha kopa, kebo ya waya wa shaba, kila mtu anakijua. Cha faiba hakuna anayeuliza.

Kabla ya kununua kebo, niambie kasi unayotaka na moduli utakayochomeka kwenye swichi, yaani kile kifaa kidogo kinachotuma na kupokea mwanga. Kwa giga 10 (gigabiti 10 kwa sekunde), faiba za maltimodi, zile za njia nyingi za mwanga, zimepangwa kwa madaraja: OM3 inafika mita 300, OM4 mita 400. OM1 za zamani, ambazo bado zimelala ndani ya kuta nyingi, mita 33 tu. Singomodi, faiba ya njia moja tu ya mwanga, na moduli ya LR (ya masafa marefu), kilomita 10.

Kinachoniudhi ni mtu kuchomeka kipima mwanga, kuona mwanga umefika, akatangaza kwamba laini ni nzima. Kwenye maltimodi mwanga hupita njia nyingi ndani ya kioo kimoja. Mmoja hutangulia, mwingine huchelewa. Safari ikirefuka, kila pigo la mwanga hutanuka hadi likaingiliana na linalofuata. Mwanga upo wa kutosha, ila swichi haijui ipi sifuri, ipi moja. Ndiyo maana laini ya mhandisi wetu inakatika-katika kwa giga 10, lakini nilipoweka moduli za giga 1 kwenye kebo ile ile, ikatulia.

Ramani ya simu ilimpa mita 290 toka getini hadi jengo kuu. Nikasoma namba za mita zilizochapwa kwenye ganda la kebo: getini 0012, kwenye raki, kabati la mitambo, 0437. Mita 425! Kebo ilizunguka uwanja wa mpira, ikashuka chemba (shimo la kebo ardhini), ikapanda ghorofa ya tatu. Njia ya kebo hupimwa kwa kuitembea, na gurudumu la kupimia mkononi.

Akiba ya kebo ya kuacha kwenye chemba sina kanuni. Naacha mita 10 hadi 15, na bado kuna siku bomba liliziba, tukazunguka, nikapungukiwa. Hata hesabu ya desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea njiani, siiamini sana: viwango vinaruhusu 0.75 kwa kila jozi ya konekta (vichwa vya kuungia kebo), iliyo safi haifiki hata nusu yake, yenye vumbi inapita 1. Nasafisha, napima, ndipo nasema.

Nilimtumia mhandisi picha za ganda. Akauliza bei ya OM4. Nimemjibu avute singomodi, maana hata kwa OM4 bado mita 25 zinabaki nje.