Picha ya ukutani dhidi ya vumbi la migodi: namna ya kuichora Lubumbashi ieleweke na idumu

Vumbi la Lubumbashi halitoki barabarani tu. Tangu mwaka 1911, tanuri za shaba zilipoanza kazi, moshi ulishuka zaidi kaskazini-magharibi ya bomba refu la moshi la kiwanda, kwa sababu wakati wa kiangazi upepo mwingi huvuma kutoka kusini-mashariki. Udongo wa Penga Penga, eneo lililo upande huo, umebeba shaba, risasi, kadimi na aseniki kwa miaka mingi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga ya kusini. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikutwa na kobalti nyingi kuliko kiwango chochote kilichokuwa kimeripotiwa kwa watu wasiofanya kazi ya madini, na hali ya watoto ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni.

Sehemu ya kinga iko nyumbani: kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu, kuacha viatu na nguo za kazi nje ya chumba cha kulala. Mambo haya huandikwa kwenye vikaratasi ambavyo siku ya pili vinafungia karanga. Picha kubwa ukutani hukaa miaka, na watu wa mji huu wamezoea kusoma picha. Hangar, karakana ya uchoraji ya Pierre Romain-Desfossés, ilifunguliwa mwaka 1946 na kuwalea wachoraji kama Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani waliuza historia nzima ya nchi ikiwa imechorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Fundi wa kuandika mabango ya duka na saluni yuko karibu kila komuni ya mji, kuanzia ile iitwayo Kenya hadi Katuba. Mara nyingi yeye anafaa kazi hii kuliko msanii wa maonyesho, kwa kuwa anajua mpita njia anatazama kwa sekunde ngapi.

Ukuta gani, na useme nini

Tafuta kwanza mahali ambapo tendo linaweza kufanyika. Picha ya kunawa mikono iwe karibu na bomba, kisima au ndoo yenye koki. Ukichora mikono yenye povu mahali ambapo maji yanafuatwa nusu saa, watoto watacheka na wazazi watakasirika, nao wana haki. Ukuta wa shule unaotazama sehemu ya kulia vitafunio ni mzuri; ukuta wa barabara kuu unapendwa na wafadhili, lakini hapo hakuna anayesimama.

Ukuta mmoja ubebe tendo moja. Maneno yasizidi sita, kwa Kiswahili kinachosemwa mtaani humo: «Nawa mikono mbele ya kula» inatosha. Kwa urefu wa herufi, hesabu sentimita 1 kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma akiwa mita 30 anahitaji herufi za sentimita 10.

Kabla ya kununua rangi, chora michoro mitatu kwenye karatasi na uwaonyeshe watu kama 20, mmoja mmoja, bila kueleza chochote. Waulize: unaona nini? Huyu anafanya nini? Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mwenyewe kujua. Chembe ya vumbi iliyokuzwa huonekana kama mdudu au jiwe. Mkono usio na mwili huonekana umekatwa. Msalaba mwekundu juu ya kosa hausomwi na kila mtu kama katazo. Wengine hukumbuka kosa lenyewe, ndiyo sababu ni bora kuchora tendo sahihi peke yake. Wakikosea watano kati ya 20, chora upya. Karatasi ni rahisi kuliko ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa afya hulipita haraka. Picha inayoonyesha mama tu akipangusa inamtwisha yeye vumbi ambalo hakulitoa. Kwenye kona iliyobaki chora lori la madini lililofunikwa turubai, na gari la maji likinyunyizia barabara. Sheria ya madini (Code minier) ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaziwekea kampuni wajibu wa kulinda mazingira, kwa hiyo picha hiyo si ya uchochezi. Kampuni ikitoa pesa za rangi, nembo yake isizidi ukubwa wa kiganja, la sivyo wakaaji wataona tangazo.

Ruhusa iwe ya maandishi: ya mwenye ukuta, ya mkuu wa kartie (mtaa), na ya komuni ikiwa ukuta ni wa serikali. Karatasi hiyo itaje pia nani ataifanyia picha marekebisho, na kwa muda gani haitafunikwa na tangazo lingine.

Ukuta wenyewe

Nyumba nyingi za Lubumbashi zimejengwa kwa matofali ya udongo wa vichuguu yaliyochomwa kwa kuni. Yasipochomwa sawasawa hunyonya maji kutoka chini, na maji yanapokauka huacha chumvi nyeupe juu ya lipu. Chumvi hiyo ndiyo inayobandua rangi. Usiioshe: maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, kisha inatokea tena nyuma ya picha yako. Iondoe kwa brashi kavu, wiki baada ya wiki, mpaka isionekane tena. Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28.

Ili kujua kama ukuta umekauka, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, uzibe kingo zote kwa selotepu, uiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani, subiri. Chokaa ya zamani nayo ijaribiwe: bandika selotepu, ivute kwa nguvu, ikitoka na unga, kwangua chokaa yote kwanza, kwa sababu rangi haishiki juu ya unga.

Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa kavu, hasa shuleni. Ilowanishe, ikwangue polepole, kusanya maganda kwenye turubai, na watoto wakae mbali. Unaponunua, chukua rangi ya maji iliyoandikwa kuwa risasi haizidi sehemu 90 katika milioni. Wapo pia wanaotaka kusaga malakiti wapate kijani cha Katanga. Waache. Jiwe hilo ni shaba, mara nyingi limechanganyika na kobalti, na kulisaga ni kutengeneza lile vumbi tunalolipiga vita.

Kwa ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5, yaani mita mraba 10, lita moja hufunika mita mraba 8 hadi 10 kwenye lipu laini, na 5 au 6 tu kwenye lipu la kukwaruza. Kwa lipu la kukwaruza, nunua lita 2 za rangi ya msingi, lita 4 za nyeupe kwa mipako miwili, na lita moja moja ya nyeusi, njano ya udongo, nyekundu ya udongo na buluu. Rangi za udongo zina oksidi ya chuma, jua haliziwezi. Waridi kali na nyekundu ya bei rahisi hufifia mapema. Kwenye lipu lenye chokaa tumia buluu ya ultramarini. Buluu ya Prusia huharibiwa na chokaa.

Msimu ni Mei hadi Agosti, kabla ya mvua. Lakini usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya maji isiyokauka kabla ya baridi hiyo hubaki unga. Anza ukuta ukishapata joto, kama saa nne asubuhi, na uweke brashi chini saa tisa alasiri. Kuanzia mwishoni mwa Agosti upepo huleta vumbi linalonasa kwenye rangi mbichi.

Kuhamisha mchoro si kazi ngumu. Karatasi ya sentimita 40 kwa 25 igawanywe miraba ya sentimita 5. Ukutani kila mraba uwe sentimita 50, kwa uzi uliopakwa chaki, unavutwa na kuachiwa. Watoto wa shule wanaweza kujaza maeneo makubwa. Mistari na nyuso abaki nazo fundi. Sentimita 50 za chini paka rangi nyeusi au kahawia tupu, maana mvua ya Novemba itazirushia tope jekundu.

Kujua kama imefaa

Usiwaulize watu kama wameipenda. Watasema ndiyo kwa heshima. Kabla ya kuchora, simama asubuhi mbili karibu na bomba, uhesabu ni watoto wangapi kati ya kila kumi wanaonawa kwa sabuni kabla ya kula. Rudia mwezi mmoja baada ya uzinduzi, kisha baada ya miezi sita. Namba ikipanda mwezi wa kwanza na kurudi chini baadaye, angalia sabuni kabla ya kulaumu picha: ipo? Nani anainunua? Kipande kilichotobolewa na kufungwa kwa kamba hakipotei haraka.

Bakiza robo lita ya kila rangi kwenye chombo kilichozibwa vizuri, kwa ajili ya mikwaruzo. Maji ya kuoshea brashi yamwagwe kwenye ndoo ya mchanga yakauke, yasiende kisimani wala mtoni Kafubu. Na kila Mei, kabla ya kugusa rangi yoyote, brashi kavu ipite tena chini ya ukuta kutafuta chumvi.