Degedege, sindano, na hii "kila mtu na imani yake"

Nimechoka. Tukigusia degedege hapa Kigoma, hakosekani mhudumu mwenzangu wa kusema, "Waache bwana, kila mtu na imani yake," kisha akajiona muungwana. Wapo pia wanaofoka wodini, "Mmeanza ushirikina wenu!" Hao siwapotezei muda; ndio wanaofanya mtoto aletwe saa nane usiku, kafukizwa tangu alasiri.

Imani ya degedege ina vipande vingi, na si vyote vinavyonihusu. "Kapitiwa na shetani": sina kipimo cha shetani. Lakini "moshi hulituliza" na "sindano wakati wa degedege huua" ni madai yanayopimika, nami nitayapinga bila kumung'unya maneno, msemaji awe shehe wa Ujiji au mchungaji wa Kasulu.

Moshi kwanza. Degedege la homa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika chache, ufukize usifukize. Kwa hiyo bibi hasemi uongo, ameliona likikoma. Anzia hapo: "Shikamoo bibi. Ni kweli lilitulia. Na homa, je, ilishuka?" Haikushuka. Swali hilo linafanya kazi kuliko mhadhara wa nusu saa.

Sindano ndiyo ngumu, kwa sababu ushahidi wao upo. Mtoto kafikishwa siku ya tatu, hajitambui, sukari imeshuka, kachomwa, kafariki. Mtaa mzima umeona sindano ikitangulia na kifo kikifuata. Ukijibu "si kweli," umewaita waongo msibani. Rudi nyuma nao: homa ilianza lini, aliacha kunyonya lini, alipelekwa wapi kwanza? Wahesabu siku wenyewe. Na usiahidi kupona! Artesuneti, sindano ya malaria kali, ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto asiyefika kilo 20, mara anapofika, kisha saa ya 12 na ya 24. Hata ukiitoa sawasawa, malaria ya kichwa bado huua baadhi. Ukiapa kwamba atapona kisha akafa, utakuwa umewapa ushahidi mwingine.

Dua na maombi? Karibuni kitandani, ila yasicheleweshe dawa. Kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, sitaki linyweshwe mtoto asiyejitambua, kama nisivyotaka uji, maana litaingia mapafuni. Sababu hiyo itaje kwa sauti, familia isikie kwamba tatizo ni koo la mtoto, wala si Kurani.

Ya nyumbani, harakaharaka: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5 ni dharura. Likikoma mapema, bado mlete siku hiyohiyo, apimwe malaria na sukari.

Kinachonitia shaka ni huyo shetani niliyemwacha nje ya mjadala. Leo ni shetani tu; kesho wanamtafuta aliyemtuma, na kwa kawaida anayepatikana ni mwanamke mzee anayeishi peke yake. Jina la mtu likitajwa, sinyamazi tena: nawaonyesha kipimo chenye mistari miwili, nawaambia mbele ya wote kwamba malaria huletwa na mbu, na yule bibi hahusiki. Wenzangu wa ustawi wa jamii wanasema hapo nimeshachelewa, ningepaswa kumpinga shetani tangu mwanzo. Huenda wana haki. Ila nikianza na shetani, mama atambeba mwanawe na kuondoka kabla ya dozi ya pili.