Je, Wajua? Kwa Nini Mpira Unaozunguka Zaidi Unaweza Kuwa Rahisi Kupigwa

Mrushaji wa besiboli, yaani mchezaji anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, hujifunza nini hasa kutoka kwa mashine inayofuatilia mpira wake? Kwa muda mrefu niliamini kuwa hujifunza kasi tu. Baadaye, nilipogundua kwamba mashine hizo huhesabu pia mizunguko ya mpira kwa dakika, nikaamini kuwa kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo mpira unavyokuwa mgumu kupigwa. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa linakaribia sana ukweli.

Vifaa vyenyewe vina umri wa kutosha. Kamera za PITCHf/x ziliingia katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 2006, rada zikafuata, na mwaka 2020 zikaja kamera 12 za Hawk-Eye kwa kila uwanja.

Wapigaji husimulia juu ya mpira wa kasi ambao "hupaa" unapowakaribia. Haupai. Mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa takriban sekunde 0.4, na katika muda huo uvutano wa dunia pekee ungeushusha kwa karibu sentimita 80. Mzunguko hupunguza anguko hilo kwa sentimita 40 hivi, na kwa warushaji wachache hodari hufika hata 50. Jicho la mpigaji limezoea anguko la kawaida, kwa hiyo gongo lake hupita chini ya mpira ambao umeanguka kidogo kuliko alivyotarajia. Sentimita 10 za ziada zinatosha, maana mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 7 na kitu.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Mpira wa kasi huondoka vidoleni ukizunguka kinyumenyume, mfano wa gurudumu la baiskeli lililotupwa mbele huku likizungushwa kurudi nyuma. Ngozi na mishono yake huiburuta hewa na kuitupa chini, na kama vile mtumbwi unavyosonga mbele kwa kuwa kasia limesukuma maji nyuma, mpira nao husukumwa juu. Sasa fikiria keekee ya seremala. Nayo huzunguka kwa kasi kubwa, lakini mhimili wake, yaani mstari inaouzungukia, umeelekea kulekule inakokwenda; hewa iliyo juu na iliyo chini hutendewa sawa, na hakuna upande unaosukumwa. Mipira mingi ya kweli iko katikati ya gurudumu na keekee. Mpira wa mizunguko 2,400 ambao mhimili wake umepinda nyuzi 45 kuelekea mbele hubaki na mizunguko 1,700 tu inayofanya kazi, na hivyo hushindwa na mpira wa mizunguko 2,100 uliorushwa kwa mhimili uliolala kama wa gurudumu.

Hapo ndipo mashine inapokuwa mwalimu. Mrushaji hawezi kuuhisi mhimili. Mara nyingi anachodhani mkono wake unafanya sicho kinachoonekana katika kamera ya mwendo wa taratibu. Kwa hiyo hurusha, husoma namba kwenye skrini baada ya sekunde chache, husogeza kidole, kisha hurusha tena. Kurekebisha mhimili kunawezekana. Kuongeza idadi ya mizunguko bila kuongeza kasi ni kugumu mno, kiasi kwamba baadhi ya warushaji walikimbilia vitu vya kunata, hadi ligi ilipoanza kuwabana mwezi Juni 2021. Aidha, ripoti ya ligi ya Desemba 2024 ilihusisha majeraha ya mikono na tamaa ya kasi na mipira inayopinda zaidi, ingawa ilitegemea zaidi maoni ya wataalamu waliohojiwa, na maoni si jaribio.

Wala mzunguko wa keekee si hasara siku zote: mrushaji wa mpira uitwao slaida, ambao huenda taratibu kidogo kuliko mpira wa kasi, huutafuta kwa makusudi, ili uvutano uufanyie kazi mpira bila kizuizi. Kisha kuna jambo la ajabu zaidi. Rada za awali zilikisia mhimili kwa kutazama mpira ulikopinda, lakini Hawk-Eye huuona mhimili wenyewe, na mara ikadhihirika kwamba baadhi ya mipira hupinda kuelekea kusikotabiriwa na mhimili wake. Barton Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah ameonyesha kuwa mishono, ikikaa mahali fulani, huifanya hewa iuache mpira upande mmoja mapema kuliko mwingine, na mpira husukumwa pembeni. Ndiyo maana siku hizi utamwona mrushaji mazoezini akiugeuza mpira kidogo tu ndani ya vidole vilevile, akiurusha kwa namna ileile, kisha akigeuka kutazama skrini.