Mashine ya Msasa Si Randa: Matumizi Salama katika Karakana za Lamu

Seremala anayeingiza mashine ya msasa ya silinda katika karakana yake hufurahi kuona ubao ukiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili umelainika, na kwa furaha hiyo huipa kazi isiyo yake. Mashine hii husawazisha unene na kufuta alama za randa, haichongi. Kwa msasa namba 80, isile zaidi ya nusu milimita kila unapopitisha ubao. Kwa namba 120, iwe chini zaidi ya hapo. Ukiilazimisha, mota huelemewa, msasa huziba, na ubao hutoka na michirizi myeusi ya kuungua.

Plagi ichomolewe kabla mkono haujagusa silinda. Ukanda wa msasa uviringwe kwa mshazari na kukazwa, kingo zikaribiane bila kupandana, kwa kuwa panapopandana ndipo unapochanika. Kisha weka vipande viwili vya mbao vyenye unene mmoja chini ya silinda, kimoja kila ncha, uiteremshe polepole: kimoja kikibanwa na cha pili kikicheza, silinda na meza haviko sambamba, na mbao zako zitatoka nene upande mmoja.

Mbao kuukuu za majahazi, ambazo siku hizi hutengenezewa meza na vitanda, zinahitaji hadhari ya pekee. Msumari uliosalia ndani huchana msasa na huweza kurusha cheche hadi kwenye mfuko wa vumbi, ambamo moto hufukuta bila kuonekana. Na karakana yenye paa la makuti haihitaji zaidi ya hapo ili iteketee. Kagua kila ubao kwa sumaku, na pia kwa macho, maana sumaku haishiki shaba. Sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za chombo) na deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo) zikwanguliwe kwanza, kwani huziba msasa mara moja. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo isisagwe kuwa vumbi.

Vumbi lenyewe ndilo hatari inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwawasha baadhi ya mafundi ngozi na kuwabana kifua. Kinyonya vumbi kiwashwe kabla ya mashine, na mfuko umwagwe nje kila jioni. Leso iliyofungwa puani haitoshi; vaa barakoa ya daraja la N95. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, wala mwanafunzi wa kazi hapaswi kuachwa nje ya hesabu hiyo.

Simama kando ya njia ya ubao, kwa sababu silinda huzunguka kinyume na mwendo wake na inaweza kuurudisha kwa kishindo. Kikoi, mikono mipana ya nguo, pete na glavu vikae mbali na rola. Kipande kifupi kuliko kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine kilainishwe kwa mkono.

Kwa wachonga nakshi, ushauri wetu ni mmoja: ubao wa kuchongwa uishie kwenye randa. Chembe za msasa hubaki ndani ya nyuzi za mti na kufanya patasi iwe butu. Msasa na ufuate nakshi ikishakamilika, tena kwa mkono.