Kutoka "ushoga" hadi "yule jamaa"

Mimi ni mwanaisimujamii. Kazi yangu ni kusikiliza watu wanavyoongea. Vijana wakizungumzia mapenzi ya jinsia moja, kitu cha kwanza ninachokitegea sikio ni viwakilishi, yaani maneno kama "wao", "yeye" na "yule".

Mazungumzo yakianza na "ushoga", yanageuka mdahalo. Ushoga ni dhana, unaukemea kama wizi au ulevi bila kumtazama mtu usoni. Hapo utasikia dini, mila na "mambo ya kuiga", sentensi ambazo kijana hakuzitunga mwenyewe. Wavulana huzitangulizia kinga: "Mimi siko hivyo, ila..." Anayesema ni ugonjwa huwa hajui kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauondoa kwenye orodha ya magonjwa, Mei 17, 1990.

Neno "shoga" lenyewe lina vituko. Mwanamke akimwita mwenzake "shoga yangu", anamwita rafiki wa kufa na kuzikana. Wavulana nao wanamrushia aliyekosa penalti au aliyetokwa machozi, na mapenzi hayamo kabisa. Kwa hiyo siandiki "chuki" kila linapotamkwa. Lakini aliyekaa pembeni, na ambaye kweli anampenda wa jinsia yake, analisikia vingine.

Katika kikundi kimoja, kijana wa miaka 19 alipiga dakika 10 nzima: wafungwe, wanaharibu watoto. Msichana mmoja akamkatiza, "Na yule jamaa tuliyesoma naye?" Kimya. "Yule... yule mtu poa bwana. Sisemi yeye." Msimamo wake hakuubadili, ila "wao" hawakurudi tena. Kilichofuata ni habari za jamaa kufukuzwa kwao na kulala kwa marafiki.

"Haki" nayo ina mtego wake. Ukiwauliza kuhusu "haki za mashoga", wengi wanasikia ndoa, ile iliyohalalishwa Uholanzi mwaka 2001, na jibu ni hapana ya papo hapo. Livunje swali. Apigwe? Afukuzwe kazi? Nesi amtukane akienda kutibiwa? Waliokuwa wakali wanaanza kujikuna kichwa, na hapo ndipo ninapopata lugha yao wenyewe. Dodoso la swali moja halifiki huko.

Nilipozima rekoda, yule kijana alibaki nyuma, akaniuliza kama kuna atakayeitambua sauti yake. Hakuwa na wasiwasi na zile dakika 10 za mwanzo.