Je, wajua kwa nini timu za magongo ya barafuni ziliajiri mabaunsa?

Kwenye soka, ukimchapa mwenzako ngumi unakula kadi nyekundu na kufungiwa mechi kadhaa. Kwenye NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, wawili wanatupa glovu chini, wanashikana jezi na kuzichapa, na mara nyingi waamuzi hungoja mmoja aanguke ndipo wawaachanishe. Adhabu? Dakika 5 nje kila mmoja, kisha wanarudi kucheza.

Pesa iliingilia hapo kwenye dakika 5. Kwa kuwa wanatoka wote wawili, hakuna timu inayobaki pungufu. Lakini upande mmoja akitoka mfungaji tegemeo na mwingine akatoka mtu ambaye hata bao hafungi, nani kapata hasara? Klabu zikapiga hesabu zikaona nafuu kumlipa baunsa, tena kwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa nyota, ili yeye ndiye apigane. Wayne Gretzky, nyota mkubwa wa mabao, alipohamishwa kutoka klabu ya Edmonton kwenda ya Los Angeles mwaka 1988, Marty McSorley, aliyekuwa akimlinda barafuni, alihama naye.

Mtazame baunsa mwingine, Derek Boogaard, jitu la karibu mita 2. Katika mechi 277 alifunga mabao 3. Hata hivyo, mwaka 2010 New York Rangers walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 6.5. Mabao 3! Ngumi zake ndizo zilizonunuliwa. Mei 2011 alifariki, akiwa na miaka 28, kwa pombe iliyochanganyika na dawa kali za maumivu. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kwangu mimi, bei ile ilikuwa ndogo mno.

Kazi hiyo imefifia, na sidhani ni kwa huruma. Mwaka 2005 ligi iliweka kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa timu nzima msimu ule, na mchezo wenyewe ukazidi kasi. Mtu wa kuingia dakika chache katika 60 akawa anakula nafasi na fungu la mtu anayejua kucheza. Ngumi bado zinarushwa, ila anayezirusha sasa lazima ajue pia kuteleza, kukaba na kutoa pasi.